Kabla hujashusha giaboksi: kusoma ugonjwa wa klachi kwenye gari la zamani

Canter ya kabichi iliingia gereji kwetu hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, ikivutwa kwa mnyororo. Dereva, kijana wa Kapchorwa, alishuka na hukumu tayari mdomoni: "Mzee, klachi imekwisha. Shusha giaboksi, tajiri ameshatuma pesa." Klachi pleti mpya alikuwa nayo kabisa, ndani ya boksi, nyuma ya kiti. Nikafungua mlango, nikaingiza mkono chini ya pedali, na vidole vikatoka vimelowa. Zulia lilikuwa limekunywa mafuta ya breki mpaka chini ya kiti. Raba za masta ya juu, pampu ndogo inayosukumwa na pedali ya klachi, zilikuwa zimechoka, raba ambazo bei yake haifiki kuku mmoja. Baada ya saa mbili aliondoka na boksi lake bila kufunguliwa, amenuna kidogo, kwa sababu sasa ilimbidi amweleze tajiri ile pleti ilinunuliwa ya nini.

Naandika haya kwa dereva, na kwa makanika mwenzangu anayeanza. Sheria ya Uganda ya 2018 ilifunga mlango wa kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu yatengenezwe, kwa hiyo Hiace, Hilux, Canter na Elf zilizokwisha kuingia Uganda ndizo tunazoendelea kuzitia viraka. Nyingi kati ya hizo ni za gia za mkono, na karibu kila ugonjwa wa klachi zake hujulikana kutoka nje, kwa macho, masikio, pua na mguu, kabla bolti hata moja ya giaboksi haijalegezwa. Kushusha giaboksi ni kazi ya mwisho. Ukianza nayo, utaweka pleti mpya na ugonjwa utaukuta palepale.

Ukikanyaga, kinatokea nini

Nyuma ya injini kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma linalozunguka pamoja na kranki, shafti kuu ya injini. Klachi pleti imekaa kwenye shafti ya giaboksi, na presha pleti inaibana kwenye flaiwili kama karatasi katikati ya viganja viwili. Ukikanyaga pedali, masta ya juu inasukuma mafuta ya breki kupitia bomba hadi masta ya chini, mwenzake iliyo pembeni mwa giaboksi. Masta ya chini inasukuma foku, mkono wa chuma, foku inasukuma beringi, beringi inabonyeza vidole vya presha pleti, viganja vinaachana na karatasi inabaki huru. Magari mengine madogo ya zamani hutumia kebo badala ya mafuta, lakini mwisho wa safari ni uleule.

Basi magonjwa makubwa ni mawili: viganja haviachii, au havibani. Madereva huyaita yote mawili "klachi imekwisha". Sisi mafundi tukilipokea jina hilo bila kuuliza, pesa ya mtu inaanza kupotea hapo hapo.

Kwa hiyo uliza. Ilianza ghafla au pole pole? Inasumbua gari likiwa baridi au likishapata moto? Je, kuna mtu aliyeongeza mafuta kwenye kikombe cha klachi, kile kinachoweka mafuta ya masta ya juu, hivi karibuni, na aliongeza mafuta gani? Hili la mwisho dereva hulificha kama mtoto aliyeramba sukari. Liulize mara mbili, na ukiweza muulize turiniboi, msaidizi wa dereva, akiwa peke yake.

"Gia zinakataa"

Hii ndiyo kesi inayokuja zaidi. Rivasi inasaga, gia ya kwanza inataka mikono miwili, gari linatambaa mbele na pedali iko chini kabisa.

Zima injini kwanza. Pitisha gia zote, moja baada ya nyingine. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na zikikataa ikiwa inanguruma, giaboksi haina kosa, klachi ndiyo haiachii. Zikikataa hata injini ikiwa kimya, angalia fimbo za gia na bushi zake. Na kama ni gia moja tu inayosaga, tuseme ya 3 kila unaporudi kutoka ya 4, na zile nyingine zinaingia vizuri, hiyo ni sinkronaiza ya gia hiyo, kile kipande kinacholinganisha mwendo ili gia iingie bila kusaga. Usiihukumu klachi kwa dhambi ya jirani.

Sasa washa. Gari likiwa nyutro, kanyaga pedali mpaka chini, hesabu taratibu hadi 10, kisha tia rivasi. Huo muda wa kuhesabu una kazi: shafti ya giaboksi inapaswa iwe imesimama. Rivasi ya magari mengi ya zamani haina sinkronaiza, kwa hiyo haijui kuficha kitu. Ikisaga baada ya kuhesabu, pleti bado inazungushwa na injini.

Kisha piga pedali haraka haraka mara 4 au 5 na ujaribu tena. Gia ikikubali, nusu ya jibu unalo mkononi: ugonjwa uko kwenye mafuta, hauko ndani ya giaboksi. Ama kuna hewa kwenye bomba, ama raba imeshindwa kuzuia.

Fuata mafuta kuanzia juu. Fungua kikombe. Kama kimeshuka, mafuta hayakupaa mbinguni, yametoka mahali. Ingiza mkono nyuma ya pedali, pale fimbo inapoingia kwenye masta ya juu. Ukiona unyevu au rangi iliyobambuka, masta ya juu inavuja kwa nyuma. Mafuta ya breki hula rangi, na alama hiyo hubaki hata dereva akipangusa. Kisha ingia chini ya gari, ukiwa umeziba matairi kwa mawe na kuweka stendi, usitegemee jeki peke yake. Kwenye masta ya chini, vuta nyuma kile kifuniko cha raba cha vumbi. Mafuta yakimwagika kutoka ndani yake, umempata mwizi. Kukiwa kukavu, shika hozi ya mpira na mwenzako akanyage pedali: hozi iliyozeeka huvimba kama shingo ya chura, na nguvu ya mguu wako inaishia hapo.

Kuna uvujaji mwingine usioacha tone hata moja. Raba ya ndani ya masta ya juu imelika, na mafuta yanaipita kurudi kwenye kikombe. Hiyo utaijua kwa kusubiri: simama mahali tambarare, tia gia ya kwanza, shikilia pedali chini bila kuipiga. Ikiwa gari limetulia halafu baada ya nusu dakika linaanza kunyemelea mbele, huku pedali ikizama yenyewe chini ya mguu, ni raba hiyo. Ndiye yule dereva anayekuambia, "Kwenye foleni ya mpakani Malaba inakataa, nikitembea inakubali." Kwenye foleni anashikilia pedali muda mrefu, akitembea anaikanyaga na kuiachia. Hajakosea hata neno moja; ni sisi tusiosikiliza.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote kinahitaji watu wawili na rula. Mmoja anakanyaga pedali mpaka mwisho, mwingine yuko chini anaangalia fimbo ya masta ya chini inavyosukuma foku. Kwa magari mengi ya ukubwa wa Hiace na Hilux, fimbo inapaswa kutembea zaidi ya sentimita 1. Ikisogea milimita 4 au 5 tu, bado uko upande wa juu: hewa, raba, hozi, au fimbo ya pedali iliyolegea. Angalia pia ule ukuta wa bati unaotenganisha kabini na injini, pale masta ilipofungwa. Kwenye gari lililopigwa na barabara za murram, za changarawe, miaka 20 bati hupasuka, na ukikanyaga, masta yenyewe inasogea mbele pamoja na ukuta. Nimewahi kubadilisha masta mbili kwenye Hilux moja kabla sijauona ufa huo, na mbili zote zilikuwa nzima.

Kwa gari la kebo, kazi ni fupi: kebo imerefuka au imeanza kukatika nyuzi. Rekebisha nati yake, na ukiona nyuzi zimechanua, ibadilishe kabla haijakuacha barabarani.

Na ikiwa fimbo inatembea vizuri, safari yake yote, lakini rivasi bado inasaga? Hapo sasa ugonjwa uko ndani. Foku imepinda au kichwa inachokalia kimelika. Pleti imepinda kwa moto. Meno ya katikati ya pleti yameshika kutu na hayatelezi kwenye shafti. Ile beringi ndogo ya mkiani mwa kranki imekwama na inaizungusha shafti bila idhini. Au, kama klachi imewekwa juzi, fundi aliigeuza pleti: upande wa flaiwili ukaangalia giaboksi. Hutokea, hata kwa wenye mvi.

Gari lililosimama muda mrefu lina kisa chake. Baada ya mafuriko ya hapa Mbale mwishoni mwa Julai 2022, magari yalikuja yenye pleti iliyoshikana na flaiwili kwa kutu. Pedali nzuri, fimbo inatembea, lakini klachi haiachii hata kidogo. Kabla ya kushusha, jaribu hivi: uwanja mtupu, injini imezimwa, tia gia ya 2, kanyaga klachi mpaka chini na uwashe kwa stata. Gari litaondoka, kwa hiyo usiwe na ukuta mbele. Pedali ikiwa bado chini, kanyaga mafuta na kuachia, gusa breki, rudia. Mara nyingine kutu huachia kwa mshindo mmoja. Ikikataa baada ya mara chache, shusha.

"Injini inalia, gari haliendi"

Hapa viganja havibani. Unapanda, unakanyaga mafuta, sauti ya injini inapanda na gari linabaki na mwendo uleule, au linapungua. Mara nyingi kuna harufu ya kitu kilichoungua, inayokaa puani mpaka jioni. Kutoka Mbale, mji ulio kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, hadi Kapchorwa inayopita mita 1,800, klachi iliyochoka haiwezi kusema uongo. Tambarare ya kwenda Tororo itakubeba wiki mbili bila kulalamika, lakini mlima utakuumbua siku ya kwanza.

Kupima: kwenye barabara tupu, tembea kama kilomita 40 kwa saa ukiwa gia ya 4, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Injini ikiruka sauti kabla ya gari, klachi inateleza. Ukitaka kupima ukiwa umesimama, vuta breki ya mkono, kanyaga na breki ya mguu, tia gia ya 4, ongeza mafuta kidogo na uachie klachi. Injini inatakiwa kuzimika papo hapo. Ikiendelea kunguruma, kanyaga klachi mara moja na uache. Usirudie kipimo hicho kuwaonyesha watu. Kila kurudia unaichoma pleti iliyobaki.

Wengi wakifika hapa wanaagiza pleti. Subiri. Jambo la kwanza ni nafasi ya pedali. Bonyeza kwa kidole, si kwa mguu: kwa Toyota nyingi za zamani, pedali inashuka milimita 5 hadi 15 ikiwa nyepesi kabla ya kukutana na uzito. Kama haina nafasi kabisa, beringi inabonyeza vidole vya presha pleti saa zote, ni kama unaendesha na mguu juu ya klachi. Legeza fimbo ya pedali au kebo, upime tena. Nimeona klachi "iliyokwisha" ikipona kwa nusu mzunguko wa spana ya 12.

Jambo la pili nitalieleza kwa Hiace moja ya teksi. Iliteleza mchana tu. Asubuhi ikitoka stendi inavuta vizuri, saa sita inateleza, ikilala usiku inapona. Fundi wa kwanza alikuwa ameshaweka pleti na presha pleti mpya, na bado inateleza mchana. Mwenye gari alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, akanijia na vipande vya zamani ndani ya gunia, akavimwaga mbele yangu. "Baba, niambie kama hivi vilikuwa vibovu." Havikuwa vibovu. Pleti ilikuwa na unene wa kutosha wa miezi mingi.

Tukaitoa Hiace barabarani mpaka ikaanza kuteleza, tukairudisha ikiwa na moto. Bila mtu yeyote kugusa pedali, nikalala chini nikafungua kile kijibolti cha kutolea hewa kwenye masta ya chini. Mafuta yaliruka kwa nguvu mpaka kwenye shavu langu. Nikafunga, tukaenda barabarani, haitelezi tena. Maana yake nini? Mafuta yalikuwa yamefungiwa ndani ya bomba. Pedali ikiachiwa, kuna kitundu kidogo kwenye masta ya juu kinachoyaruhusu yarudi kwenye kikombe. Kitundu kikizibika, mafuta yakipata joto la injini yanatanuka, hayana pa kwenda, yanaisukuma masta ya chini, na klachi inakuwa kama imekanyagwa nusu. Usiku yanapoa, yanasinyaa, klachi inabana tena.

Na kitundu kilizibwa na nini? Dereva alikuwa ameongeza oili ya injini kwenye kikombe siku mafuta ya breki yalipokosekana njiani. Raba za klachi na breki zimetengenezwa kwa mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4. Zikikutana na oili ya injini, mafuta ya steringi au dizeli zinavimba kama maharage yaliyolowekwa. Raba iliyovimba hairudi mahali pake, na kitundu kinabaki kimefunikwa. Tulibadilisha raba za juu na za chini pamoja na hozi, tukasafisha bomba, tukaweka mafuta mapya. Kitundu hichohicho huzibwa pia na fimbo ya pedali iliyorekebishwa kuwa ndefu mno, kwa hiyo hata gari ambalo halijaonja oili, angalia urefu wa fimbo.

Jambo la tatu ni oili kwenye pleti. Chini ya lile ganda linalofunika klachi kuna tundu dogo. Lipanguse, endesha siku moja, kisha liangalie. Oili nyeusi nyepesi ni ya injini, na mara nyingi inatoka kwenye sili ya nyuma ya kranki, ile raba ya kuzuia oili isipite. Oili nzito yenye harufu kali kama ya kiberiti ni ya giaboksi, kutoka sili ya shafti ya mbele. Lakini angalia na juu: gasketi ya kifuniko cha valvu ikivuja, oili huteremka mgongoni mwa injini na kutokea mahali palepale, na mtu anashusha giaboksi kwa kosa la gasketi. Pleti iliyolewa oili haioshwi kwa petroli ikapona. Oili imeingia ndani ya kitambaa chake, ile sehemu inayosuguana na flaiwili. Ikipata moto itatoka tena. Na ukiweka pleti mpya bila kubadilisha sili, umeinunulia oili mahali pa kulala.

Hayo matatu yakiwa safi, basi kweli pleti imekwisha au presha pleti imechoka kwa moto. Hapo shusha bila majuto.

"Inatetemeka ikiondoka"

Unaachia klachi na gari linaruka ruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, halafu likishika mwendo linatulia. Mtuhumiwa wa kwanza ni pleti yenye oili, wa pili ni flaiwili iliyoungua madoa ya bluu, wa tatu ni vidole vya presha pleti visivyolingana urefu. Wote hao wako ndani. Lakini kuna washukiwa walio nje, na hao huchunguzwa kwanza kwa sababu hawataki kushushwa kitu. Maunti za injini na za giaboksi, vile vikalio vya raba na chuma vinavyozibeba: weka nondo, inua kidogo. Raba ikiwa imeachana na chuma utaona mwanga katikati. Kwenye pikapu unaweza pia kufungua boneti, breki zote zikiwa zimeshikwa, na mwenzako aachie klachi kidogo tu kwenye gia ya kwanza na kisha rivasi. Injini ikiinuka kama inataka kutoka, maunti imekatika. Simama pembeni ukiangalia, usisimame mbele.

Halafu propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Krosi, viungo vyake, zilizolegea na senta beringi iliyokufa hutoa mtetemo unaofanana sana na wa klachi wakati wa kuondoka. Zishike kwa mkono, zizungushe kulia na kushoto. Zikigonga, anza nazo.

Mengine ni tabia. Dereva anayeondoka na gia ya 2 akiwa amebeba viazi tani nne, kwa sababu "ya kwanza inachelewesha," asishangae.

Kusikiliza

Kelele za klachi ni rahisi kuzitofautisha, kwa sharti moja: zima redio na umwambie turiniboi anyamaze. Gari limesimama, nyutro, injini inanguruma taratibu.

Weka mguu kwenye pedali kwa uzito mdogo tu. Kelele ya kukwaruza ikianza hapo, mwanzoni kabisa mwa safari ya pedali, ni beringi ya klachi. Ikiwa kelele ipo pedali ikiwa juu, na inapotea ukikanyaga mpaka chini, ni beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi, na hapo hakuna klachi mpya itakayosaidia. Ikiwa kuna mlio mwembamba unaotokea pedali ikiwa chini kabisa na gari likiwa ndani ya gia, shuku ile beringi ndogo ya mkiani mwa kranki, kwa sababu hapo ndipo kranki inazunguka na shafti imesimama. Mlio wa kama shilingi ndani ya kopo, unaokuja na kupotea injini ikinguruma taratibu, huenda ni springi za katikati ya pleti zilizolegea.

Beringi inayolia kidogo inaweza kutembea miezi. Ile inayolia na kutoa harufu haina miezi.

Pedali yenyewe

Pedali iliyoanguka sakafuni ghafla na haina uzito kabisa: mafuta yote yamekwisha, bomba limepasuka, kebo imekatika au foku imevunjika. Pedali iliyokuwa nyepesi ikawa nzito miezi baada ya miezi: kwa gari la kebo, kebo imekauka, kwa la mafuta, kichwa cha foku hakina grisi au presha pleti imezeeka. Pedali inayoshika juu kabisa, ukiwa karibu umeiachia yote: pleti imebaki nyembamba, lakini kwenye gari la kebo rekebisha kwanza ndipo uamini.

Ukilazimika kushusha

Usipulize vumbi la klachi kwa kompresa. Vitambaa vya zamani vingi vilikuwa na asbesto, na vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki. Lowesha kwa maji, pangusa, tupa tambara ulilopangusia.

Pima kina cha riveti kwenye pleti. Kwa Toyota nyingi, zikibaki chini ya milimita 0.3 kutoka uso wa kitambaa, pleti imekwisha; zaidi ya hapo bado ina maisha, ingawa ukishaifungua kwa shida ile ni ujinga kuirudisha. Badilisha pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja. Wapo wanaobadilisha pleti peke yake kuokoa pesa, nami nimefanya hivyo mteja akisisitiza, lakini sijawahi kulala vizuri. Pleti za kupigiliwa vitambaa vipya zinatumika sana kwenye Fuso na Canter, na zinafanya kazi kama katikati yake, meno na springi, haijalegea. Itikise karibu na sikio kabla ya kulipa.

Kagua flaiwili. Ikiwa na mifereji au madoa ya bluu ipeleke kwa mwenye mashine ya kuchonga. Kusugua na msasa kunaondoa mng'ao, hakunyooshi chuma. Badilisha sili ya kranki hata kama haivuji. Iko wazi mbele yako na hutaki kurudi huko. Wakati wa kurudisha, pleti inatakiwa iwe katikati sawasawa, na shafti ya giaboksi iliyokufa ndiyo chombo bora cha kuiweka katikati. Ninayo ya Hiace na ya Canter, zimening'inia ukutani. Grisi kwenye meno ya shafti iwe kidogo kama ya kupaka mdomo. Ikizidi itarushwa kwenye pleti.

Toa hewa ukitumia mpira mwembamba uliozamishwa kwenye chupa yenye mafuta ya breki: mwenzako anakanyaga na kushikilia, unafungua kijibolti, unafunga, ndipo anaachia. Endelea mpaka mapovu yaishe, ukijaza kikombe kabla hakijakauka. Mafuta yaliyotoka usiyarudishe. Siku za mwanzo usibebe mzigo wa mwisho wala usipande na nusu klachi. Pleti mpya inahitaji kuzoeana na flaiwili.

Ikikufia njiani

Klachi isiyoachia, kwa mfano masta imemaliza mafuta, haimaanishi lazima ulale porini. Kama gari halina swichi inayozuia stata mpaka klachi ikanyagwe, na magari mengi ya zamani hayana, zima injini, tia gia ya kwanza, washa kwa stata. Gari litaondoka likiruka. Kupanda gia, achia mafuta, toa gia hadi nyutro, subiri kidogo, isukume ya pili kwa upole. Ikilingana itaingia yenyewe bila klachi. Kusimama, toa gia kwanza, kisha breki. Ni njia ya kufika gereji iliyo karibu, barabara ikiwa tupu na tambarare. Klachi inayoteleza haisaidiwi hivyo: ipumzishe ipoe, punguza mzigo, tembea na gia ya chini bila kuikamua.

Kwenye miteremko ya Sipi, njia ya Kapchorwa, usijaribu lolote kati ya haya. Egesha kando, weka jiwe kubwa chini ya tairi, tia matawi barabarani nyuma na mbele ya gari, na upige simu.